Tulivyopigia Kura Vita vya Watu

Kosa ni langu, na nalisema mapema kwa sababu watu wa jengo letu wana tabia ya kusema mambo nyuma ya mlango. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Niliuandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini ya kila azimio, nikaubandika kwenye mlango wa chumba cha pampu kwa gundi ya shuleni, na siku ile nilijiona mtu wa maana sana.

Jengo lina ghorofa tatu na kaya ishirini na nne. Maji yetu hutoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa uani, na huvutwa na pampu ya dizeli, maana umeme wetu ukiwasha pasi mbili kwa pamoja unazimika. Kila kaya huchanga dizeli kila mwezi. Zamani pampu ilinguruma kwa saa sita kwa siku, tatu asubuhi na tatu jioni, na tangi la juu ya paa lilikuwa likifurika mpaka watu wa chini wanapiga kelele. Kisha nchi mbili ambazo hakuna mtu jengoni aliyewahi kuzikanyaga zikaanza kupigana. Dizeli ikapanda, ikapanda tena, mpaka mchango uliokuwa ukinunua pipa zima ukawa haununui hata nusu yake.

Tukaitisha kikao. Mwenyekiti wetu ni polisi mstaafu, sote tunamwita Afande, mtu anayefungua kikao kwa kuhesabu waliopo kana kwamba mmoja wetu atatoroka. Mimi ni katibu kwa kuwa nafundisha jiografia, na jengoni inaaminika kwamba mwalimu wa jiografia anaijua dunia nje ndani. Sikuwahi kuwakatalia. Siku hiyo nilichukua chaki nikawachorea ukutani bahari, mkono mwembamba wa bahari, na meli ya mafuta iliyokwama. Nikawaeleza kwamba meli imezuiwa na vita, vita vikiisha meli itapita, na meli ikipita bei itashuka. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mtu wa pampu, ambaye sote tunamwita Dizeli, hata mke wake, alisema hajawahi kuelezwa jambo akalielewa vizuri namna ile.

Basi nikaandika: "Pampu itawashwa kwa saa mbili tu kila asubuhi mpaka vita viishe. Vita vikiisha, itarudi saa sita kama zamani." Soma tena. Sikuandika mpaka bei ishuke. Niliandika mpaka vita viishe, kwa sababu kwangu mimi siku ile hayo yalikuwa jambo moja, na katika watu wazima wote waliokuwa pale uani hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu.

Sasa nimtaje dada yangu. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, anakaa chumba cha chini karibu na karo la kufulia, na ndiye aliyenibeba mgongoni wakati mama yetu alikuwa akishinda sokoni. Jengoni wanamwita Mama Povu, kwa kuwa tangu nipate akili anafua nguo za watu. Kwa miaka kumi na mmoja alifua hospitalini, zamu ya mchana, kwenye mashine zinazotikisa sakafu, chini ya msimamizi mwenye mdomo mchafu kuliko hayo mashuka yenyewe. Dada hakusoma sana. Jambo lolote linalovuka geti la jengo ananiuliza mimi, na nikishamjibu anakwenda kuwaambia wengine, "Mdogo wangu kasema," na mjadala unaishia hapo.

Habari kwamba vita vimeisha ilikuja siku ya Alhamisi. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili ana redio inayoongea kutwa, na siku hiyo aliiweka dirishani ili hata watu wa uani wasikie. Jioni dada alikuja akasimama mlangoni kwangu, hakuingia.

"Mdogo wangu, nikuulize."

"Niulize."

"Hivi vita vikiisha, mafuta si yanashuka?"

Nilikuwa na madaftari arobaini mbele yangu, na mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba mvua hunyesha zaidi milimani kwa sababu ndiko ilikozaliwa. Sikuinua hata kichwa. "Yanashuka," nikasema. "Lazima yashuke."

"Kabisa?"

"Dada, hilo hata halihitaji kufikiri."

Akashukuru, akaenda zake. Sikumuuliza kwa nini anauliza. Kila mtu alikuwa akiuliza swali hilohilo. Fundi cherehani alikuwa ameshanikamata mara mbili kwenye ngazi.

Ijumaa dada alikwenda hospitalini akaacha kazi.

Mimi nilipata habari Jumamosi, tena kwa mke wangu, ambaye hupenda kunipa habari mbaya nikiwa na kijiko mdomoni. Nikashuka mbio. Dada alikuwa uani anafunga kamba mpya za kuanikia, kamba nne ndefu kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo, na alikuwa anaimba.

"Dada, nasikia umeacha kazi."

"Nimeacha. Shika hapa nikaze."

Nikashika. Akanieleza huku anafunga fundo. Mwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko alikuwa akimbembeleza mwaka mzima amfulie mashuka, arobaini kwa siku. Kazi ya nyumbani, bila msimamizi, bila mtu wa kumfokea. Alikuwa akikataa kwa sababu ya maji tu, maana pampu ikizimwa saa mbili asubuhi, kaya ishirini na nne zinakuwa zimeshajaza ndoo, na ikifika saa nne tangi linatoa upepo. "Sasa vita vimeisha, pampu inarudi saa sita," alisema. "Jumatatu naanza. Arobaini, mdogo wangu. Nitakuwa nakaa hapa kivulini kwangu nafua kama malkia."

"Lakini ungesubiri kwanza tuone."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nisubiri nini? Si nilikuuliza?"

Nikaikaza kamba iliyokuwa imeshakazwa. Hata hivyo nilijipa moyo. Bei mpya hutangazwa mara moja kwa mwezi, na mwezi ule ilikuwa itangazwe Jumatano. Siku nne si nyingi. Nikamwambia Jumatatu na Jumanne ajikaze kisabuni na maji yaliyopo, Jumatano mambo yatakaa sawa. Nilisema hivyo kwa sauti yangu ya darasani, ile inayonifanya hata mimi mwenyewe nijiamini.

Jumatatu alifua mashuka kumi na tisa, bomba likakauka. Akaenda kwa Dizeli kumwambia awashe. Dizeli akasema hawashi bila amri ya Afande. Dada akampeleka mpaka mlangoni, akaweka kidole kwenye karatasi yangu. Dizeli akasoma polepole, akakuna kichwa, akasema ni kweli, karatasi inasema vita, lakini pipa halijui kusoma. Afande alipoitwa akasema tusubiri Jumatano.

Jumatano bei ikatangazwa. Ilikuwa imepanda.

Haikupanda sana, lakini ilipanda. Nilisikiliza tangazo mara ya pili nikidhani wamesoma la mwezi uliopita. Nikatoka nikanunua magazeti matatu, kitu ambacho sijakifanya tangu nioe. La kwanza lilisema mafuta yaliyomo nchini yalinunuliwa wakati wa vita, kwa hiyo tutaendelea kuyalipia kwa bei ya vita hata kama hakuna anayepigana. La pili likasema meli bado zinaogopa kupita, na wenye bima wanaogopa kuliko meli. La tatu likasema bei duniani ilishashuka siku nyingi kabla vita havijaisha, kwa kuwa wafanyabiashara walijua vitaisha, na vilipoisha kweli ikapanda kidogo. Hilo nililisoma nimesimama, nikalisoma nimekaa, na mpaka leo silielewi.

Shuleni nikamfuata mwenzangu anayefundisha uchumi. Alinichorea mistari miwili inayokatana, akaitazama kwa muda, akasema inategemea. Nikamuuliza inategemea nini. Akasema hata hilo nalo linategemea. Nilipokuwa narudi nyumbani nikapita kituo cha mafuta, nikamuuliza mhudumu kwa nini bei imepanda na vita vimeisha. Yule binti akanionea huruma. "Mwalimu," akasema, "sisi tunaletewa namba, tunabandika." Nadhani huyo peke yake ndiye aliyekuwa anajua anachokisema.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Afande akaitisha kikao cha dharura uani, kati ya kamba za dada. Mashuka machache yalikuwa bado mabichi, watu wakakaa wanayakwepa. Dada alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tangu Jumatatu hakuwa amefikisha mashuka arobaini hata siku moja, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa ametuma ujumbe kwamba anampa mpaka mwisho wa wiki, baada ya hapo atatafuta mtu mwingine. Hospitalini alikuwa ameshapita asubuhi ile kuulizia nafasi yake. Walikuwa wameshampa mtu.

Afande akatuhesabu, akaridhika. "Dizeli, toa taarifa ya pipa."

Dizeli akasimama. Akasema mafuta yaliyopo, pampu ikienda saa mbili kwa siku, yatafika mwisho wa mwezi. Ikienda saa sita, yataisha baada ya siku saba, na tutakaa wiki mbili bila tone.

"Basi jambo limekwisha," alisema mama mmoja wa ghorofa ya tatu, mwenye mapacha. "Tubaki saa mbili."

"Halijakwisha," alijibu fundi cherehani. "Azimio ni azimio. Limeandikwa, limebandikwa. Vita vikiisha, saa sita. Mama Povu amepanga maisha yake kwa karatasi yetu. Leo tukiikana, kesho nani atatuamini?"

"Lakini vita vimeisha kweli?" mwingine akauliza.

Ndipo tukaingia tope. Mmoja alisema wamesaini. Mwingine akasema wamesimamisha tu, hawajasaini. Mama wa mapacha akasema kusimamisha siyo kuisha, maana fundi naye husimamisha cherehani kila saa na nguo zake haziishi, gauni lake lina miezi miwili. Watu wakaangua kicheko, fundi akanuna. Dizeli akasema kwake yeye pampu ikisimama maji hayatoki, kwa hiyo kusimama ni kuisha. Mwingine alikuwa amesikia kwamba Jumanne walirushiana tena makombora. Mangapi? Hakujua. Je, wakirushiana kidogo ni vita? Mzee mmoja akataka kujua aliyeshinda ni nani, kwa sababu kama hakuna mshindi haviwezi kuwa vimeisha. Afande alipiga meza, ingawa hapakuwa na meza, alipiga ndoo, akasema sisi ni watu wenye utaratibu na jambo hili litaamuliwa kwa kura.

Kwa hiyo tukapiga kura kuamua kama vita vya watu wengine, katika nchi ambazo hatuzijui, vimeisha au havijaisha. Kura ni moja kwa kila kaya. Nilishika kalamu nikahesabu mikono. Kumi na moja walisema vimeisha. Kumi na moja walisema havijaisha. Afande akahesabu upya mwenyewe, akapata vilevile.

Kaya mbili zilikuwa hazijanyoosha mkono. Moja ni yangu. Nyingine ni ya dada.

"Mama Povu," Afande akasema, "wewe vipi?"

"Mimi nitafuata atakavyosema mdogo wangu," dada alijibu bila wasiwasi wowote.

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na kura mbili mkononi na sikuitaka hata moja. Nikisema vimeisha, dada angepata maji yake ya siku saba, angefua mashuka arobaini kwa raha, kisha watoto wa ghorofa zote tatu wangekosa hata maji ya kunawa, na yeye mwenyewe kazi ingemfia mikononi. Nikisema havijaisha, ningekuwa nimempokonya kazi ya pili baada ya kumpotezea ya kwanza. Lakini hilo halikuwa gumu zaidi. Gumu zaidi ni kwamba walikuwa wananiuliza kitu, tena wananiuliza kwa adabu, wakinitazama kama wanavyomtazama daktari, na nilipopekua kichwani kwangu sikukuta jibu. Niliikuta ile meli ya chaki tu.

"Sijui," nikasema.

Fundi cherehani alicheka akidhani natania. 

"Mwalimu," Afande akasema, "hapo siwezi kuandika sijui. Chagua moja."

"Sijui kama vimeisha, Afande. Na hata kama vimeisha, sijui kama bei itashuka, wala lini. Nimesoma, nimeuliza, sijui."

Dada alikuwa ananitazama kutoka kwenye ndoo yake. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa amekunja kipaji kidogo, namna anavyofanya akitafuta doa kwenye nguo.

"Hujui sasa hivi," akauliza taratibu, "au hata ile Alhamisi ulikuwa hujui?"

Ningeweza kusema kwamba ile Alhamisi nilidhani najua, na ingekuwa kweli kwa namna fulani. Lakini mtu akikubeba mgongoni utotoni kuna mambo huwezi kumfanyia mbele ya watu.

"Hata ile Alhamisi, dada."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili, tatu. Kisha akainama akaokota kibanio kilichoanguka miguuni pake, akakifuta kwa kanga, na bado ameinama akanyoosha mkono wake wa kulia juu.

"Havijaisha," akasema.

"Mama Povu, umeelewa?" Afande alimwuliza. "Ukisema havijaisha, maji yanabaki saa mbili."

"Nimeelewa, Afande. Kuna watoto humu. Andika havijaisha."

Mimi nikaandika. Mwandiko ule ni mbaya kuliko wote nilioandika maishani. Kura kumi na mbili dhidi ya kumi na moja, katibu hakupiga. Vita vikaendelea. Mama wa mapacha alimshukuru dada kwa sauti ya chini, na dada akamjibu kwamba asiwe na wasiwasi, ila akae mbali na hilo shuka, lina maji. Niliona aibu ambayo sikujua niiweke wapi. Nilikaa pale mpaka watu wote wamepanda juu.

Mwenye nyumba ya wageni alikuja Jumamosi mwenyewe, akazikagua kamba, akakagua bomba kavu, akasema atampa dada mashuka ishirini kwa siku na mengine atampa mtu mwingine. Ishirini ni pungufu ya alichoahidiwa, na malipo yake ni pungufu ya mshahara wa hospitali. Dada akakubali.

Tangu hapo saa kumi na mbili asubuhi nashuka uani na suruali nimeikunja. Tuna saa mbili. Dada anafua, mimi nasuuza na kukamua, kisha nakimbilia shuleni na vidole vilivyokunjamana, wanafunzi wanavishangaa. Wiki ya kwanza alinisuta mara kwa mara kwamba nakamua kama naogopa shuka litalia. Wiki ya pili nilianza kuelewa kazi. Tunaongea kama kawaida, juu ya mke wangu, juu ya magoti ya dada, juu ya mzee wa ghorofa ya kwanza anayeoga mara mbili katika saa mbili hizohizo. Nilidhani hakuna kilichobadilika.

Juzi tulikuwa kwenye shuka la tisa, redio ya fundi ikasema kutoka dirishani kwamba wale watu huko wamekutana tena, na safari hii wanasaini mbele ya macho ya dunia nzima. Dada alisimama, povu likimtiririka mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimeshika ncha ya shuka hatua tatu tu kutoka kwake. Nikasafisha koo. Sijui nilitaka kusema nini, lakini nilijiandaa kuulizwa, kama nilivyojiandaa maisha yangu yote.

Dada akageuka upande wa chumba cha pampu.

"Dizeli," akaita, "eti wakisaini, mafuta yatashuka?"

Dizeli akatoa kichwa mlangoni, mikono imejaa grisi. "Mimi nitajuaje, mama? Muulize Mwalimu, huyo hapo."

"Mwalimu hajui," dada akamjibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemtetea mtoto asichapwe. Kisha akanisogezea shuka. "Kaza upande wako, mdogo wangu. Saa mbili inakaribia."

Nikakaza upande wangu, naye akapinda wa kwake, maji yakamwagika kati yetu kwenye sakafu.